Tunakwenda Kutafuta Matata: Maelekezo Kabla ya Kupanda Kwenda Amani

(Hotuba iliyotolewa mjini Tanga kwa waliojiandikisha kwenda kumtafuta mshonaji mdomo-mrefu, Usambara Mashariki)

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni. Mliotoka Pangani na Muheza, poleni na safari, karibuni.

Tuanze na ndege mwenyewe, maana wapo waliojiandikisha wakidhani tunakwenda kuona kitu cha kung'aa. Kitaalamu anaitwa Artisornis moreaui. Sisi tutamwita mshonaji mdomo-mrefu, au mshonaji tu. Ni mfupi kuliko kalamu mpya ya risasi. Rangi yake kijivu juu, kijivu chini, na kichwani pana uhudhurungi kidogo ambao msituni, kwenye kivuli, hamtauona. Alichonacho ni mdomo: mwembamba, mrefu kupita kiasi cha mwili wake, kama sindano iliyochomekwa kwenye kifundo cha pamba. Mwenye kutaka rangi atampata kulukulu palepale Amani, mabawa mekundu yakipita juu ya barabara, na wala hahitaji kusikiliza hotuba.

Duniani mshonaji huyu anajulikana sehemu mbili. Moja ni hapa kwetu, Usambara Mashariki. Ya pili ni nyanda za Njesi, kaskazini mwa Msumbiji, alikopatikana mwaka 1945, kisha asionekane tena na mtaalamu yeyote mpaka mwaka 2001. Wa kwetu alielezwa kisayansi mwaka 1931 na akapewa jina la Reginald Moreau, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani. Miaka zaidi ya 50 baina ya kuonekana na kuonekana tena kule Njesi ina mambo mengi ndani yake, lakini mojawapo ni hili: huyu ni ndege ambaye unaweza kupita chini yake mara 20 na usijue. Kwa hiyo maelekezo yote ya leo yanazunguka jambo moja. Mshonaji hatafutwi kwa miguu. Anatafutwa kwa kusimama.

Sasa tusimame wapi?

Msitu mzito, wenye miti mirefu na sakafu safi, unapendeza kwa picha, lakini si huko. Mshonaji anapenda mahali ambapo mti umeanguka, au pembezoni mwa msitu, jua likaingia, na mimea mitambazi ikapanda juu kwa pupa na kusokotana. Kiswahili kimetupa neno zuri kwa kitu hicho: tata. Tata la uzi, tata la kamba. Kwa hiyo Jumamosi tunakwenda kutafuta matata, na msiwaambie hivyo nyumbani.

Tata zuri linatambulika. Tazama kwanza kama lina kimo: kamba zimening'inia kama pazia, kuanzia kwenye matawi ya juu mpaka karibu na ardhi. Kichaka kifupi cha kiunoni hakitoshi. Kisha tazama kama lina majani makavu yaliyonaswa katikati. Hayo majani ndiyo ghala. Wadudu na buibui hujificha ndani yake, na mdomo mrefu ule ni chombo cha kuchokolea humo. Halafu angalia mwanga: tata linapata jua kwa juu, lakini ndani yake ni giza. Ukiona jani moja linatikisika na mengine yametulia, na hakuna upepo, hapo usiondoe macho.

Ndiyo maana Amani panafaa. Kijiji na kituo viko kwenye kimo cha karibu meta 900, na pamejaa kingo: kingo za bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kingo za mashamba ya chai, kingo za barabara na za viunga vya nyumba, zote zikigusana na msitu wa hifadhi ya mazingira asilia iliyotangazwa mwaka 1997. Msishangae kiongozi akiwasimamisha kando ya barabara, na pikipiki zinapita, badala ya kuwapeleka ndani kabisa. Watu wengi wanaokuja kumtafuta wanakwenda ndani mno.

Hapa pana jambo tunalolisema kwa ukali kidogo. Hakuna kukata kamba. Si kwa panga, si kwa kisu, si kwa mkono. Kila mwaka kuna mtu anayetaka kuona vizuri zaidi, anavuta ule mmea uliomziba, na pazia zima linashuka. Kwa mtu wa misitu wa zamani, kukata kamba zinazonyonga mti ni kazi nzuri. Kwa mkulima anayesafisha kivuli cha iliki yake, vilevile. Wala hatuendi kugombana na mkulima kwenye shamba lake. Lakini sisi tuliokwenda kumtazama ndege hatuna sababu ya kumbomolea nyumba ili tumwone akiwa hana nyumba.

Tuje kwenye kundi. Mko 12. Mtagawanywa mara mbili, watu 6 kwa kiongozi mmoja, na makundi hayatafuatana kwenye njia moja. Sababu si urasimu. Njia za Amani nyingi ni za mtu mmoja mmoja. Watu 12 kwenye mstari wanachukua meta 15 na zaidi. Wa mbele akimwona ndege, wa nyuma bado yuko kwenye kona anauliza kuna nini. Hata kwa watu 6 tutabadilishana: kila kituo, aliyekuwa mbele anarudi nyuma. Ambaye hawezi kusimama sana aseme mapema, tunacho kigoda cha kukunja, na mtu aliyekaa kwanza hatishi ndege kama aliyesimama.

Ratiba ya asubuhi ni hesabu nyepesi. Saa 12:30 tuko kwenye kituo cha kwanza. Kila tata tunalipa dakika 15 za kusimama, na dakika 10 za kutembea mpaka la pili. Kwa mwendo huo, kufika saa 4:15 tumepitia vituo 9. Baada ya hapo jua limepanda, sauti zimepungua, na watu nao wamechoka, tunakunywa chai. Dakika 15 zitaonekana ndefu. Dakika 5 za mwanzo hazihesabiki kabisa, maana ndizo msitu unazotumia kusahau kwamba mmefika. Wengi huondoka dakika ya 6, yaani pale kazi ilipoanza.

Ndani ya hizo dakika 15 masikio yanafanya kazi zaidi ya macho. Wimbo wa mshonaji ni mkubwa kuliko mwili wake: neno moja, linarudiwa na kurudiwa bila kubadilika, kama fundi anayegonga msumari uleule. Tutawasikilizisha rekodi leo hapa ukumbini, mara tatu, ili mwende nayo kichwani. Msituni hatutaicheza, na tutawaomba msiicheze kwenye simu zenu. Ndege anayesikia sauti ya mwenzake ndani ya eneo lake anaamini amevamiwa. Anaacha kula, anaacha kiota kama anacho, anakuja kupigana na adui ambaye hayupo. Akifanyiwa hivyo na kundi moja ni usumbufu. Akifanyiwa na kila kundi linalopita, kwenye kituo kilekile kilicho karibu na barabara, mwishowe ama anaacha kujibu ama anahama. Wako viongozi wenzetu wenye msimamo laini kuliko huu. Sisi, kwa ndege mwenye pande mbili tu za dunia, tumechagua ugumu.

Mazungumzo: semeni kwa sauti ya chini, msinong'one. Kunong'ona kuna "s" na "sh" nyingi zinazokata hewa. Sauti nzito ya chini haifiki mbali. Simu zizimwe mlio na mtetemo pia. Simu inayotetemeka kwenye mfuko wenye funguo ni kengele. Na biskuti! Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini pakiti ya biskuti bado inalia kuliko mfuko wowote. Vyakula vifungwe kwenye kitambaa: chapati, mayai ya kuchemsha, mihogo. Maji lita 1 na nusu kwa kila mtu.

Sasa suala la kuonyeshana, maana hapa ndipo makundi mengi yanapoharibikiwa. Kuna vitabu vinavyofundisha kuonyesha ndege kwa uso wa saa: mti ni saa, ndege yuko upande wa saa tatu. Kwa Waswahili haiwezekani. Ukisema "saa tatu", mmoja anaona namba 3 iliyoandikwa kwenye uso wa saa, anatazama kulia. Mwenzake anakumbuka saa tatu ya asubuhi, mshale mfupi uko kwenye 9, anatazama kushoto. Wote wako sahihi, na ndege ameondoka. Tutafanya hivi: anza na kitu ambacho hata kipofu wa njia hawezi kukikosa, kisha nenda hatua kwa hatua. "Mti wenye gome jeupe. Panda na shina mpaka kwenye panda ya kwanza. Shika tawi la kulia. Linapoishia, kuna jani kavu kubwa. Mkono mmoja chini yake." Usiseme "pale, pale", na usinyooshe mkono wote kwa ghafla, nyanyua kidole karibu na kifua. Ambaye hajaona aseme ameishia hatua ya ngapi. Akisema "nimeona gome jeupe, panda sijaiona", tunamsaidia kuanzia hapo.

Darubini. Tunazo za kuazima, zote ni 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Wengine mnazo 10x42 na mnajivunia. Kwenye mwambao, kutazama ndege wa matopeni maji yakitoka, ni nzuri. Msituni zinawaonea. Gawanya 42 kwa 8 unapata duara la mwanga la zaidi ya milimita 5 linaloingia jichoni. Gawanya kwa 10 unabaki na 4 na kidogo. Alfajiri chini ya miti tofauti hiyo unaiona. Pia 10 inakuza mtetemo wa mikono na, kwa kawaida, inakuonyesha eneo dogo zaidi, kwa hiyo ndani ya tata utapotea.

Kila mmoja airekebishe ya kwake leo usiku, si Jumamosi msituni. Kunja au kunjua mpaka miduara miwili iwe mmoja. Mwenye miwani ashushe vikombe vya mpira, asiye na miwani avipandishe. Tafuta kibao chenye maandishi, hatua 20 hivi. Funika kioo cha mbele cha kulia kwa kiganja, bila kufumba jicho, na uzungushe gurudumu la katikati mpaka herufi zitulie kwa jicho la kushoto. Halafu funika kioo cha kushoto. Sasa gurudumu la katikati usiliguse; zungusha ile pete ya kwenye kijicho cha kulia mpaka herufi zitulie tena. Bandika kipande cha plasta juu ya pete, maana ikisogea ndani ya mkoba utatazama asubuhi nzima kwa jicho moja zuri na moja bovu, na utarudi na kichwa kinauma ukisingizia milima.

Ukimwona ndege kwa macho, usiinamishe uso kuitafuta darubini. Macho yabaki kwenye ndege, mikono ilete darubini machoni. Hili zoezi ni la dakika 10 nyumbani, mnafanya kwa kunguru wa ukutani. Tanga hatujawahi kukosa kunguru. Vioo visifutwe kwa khanga wala kwa pindo la shati: kuna mchanga wa pwani kwenye nguo zetu, unachora. Puliza kwanza, kisha kitambaa cha vioo. Ukungu kwenye vioo alfajiri unatokana na kutoa darubini iliyolala mahali pa baridi ukaipeleka kwenye hewa yenye unyevu. Itoe nje robo saa kabla ya kuondoka.

Mavazi: kahawia, kijani kibichi, kijivu. Nyeupe na njano ziachwe. Lakini sikilizeni, hasa wenye wageni kutoka nje: nguo za mabaka za kijeshi hapana, hata kama ziliuzwa dukani kama nguo za kuwindia picha. Raia kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi ni kosa nchini kwetu, na hatutaki kuanza safari kituo cha polisi. Suruali ichomekwe ndani ya soksi, kwa ajili ya kupe na siafu. Ukihisi siafu wamepanda, usirukeruke pale pale walipo. Ondoka hatua 10 kwanza, ndipo uwatoe. Msishike mmea msioujua, kuna upupu.

Turudi kwa ndege, maana kumwona si kazi kama kuwa na hakika. Ndani ya matata yale yale kuna wengine watatu wanaowadanganya watu. Wa kwanza ni Macrosphenus kretschmeri, na ndiye hatari zaidi, kwa kuwa naye ana mdomo mrefu ulionyooka na anaishi ndani ya kamba. Lakini yeye ni mkubwa kidogo, mgongoni ana kijani cha zeituni, chini ana umanjano, na jicho lake limepauka. Ukiona kijani au jicho jeupe, si wetu. Wa pili ni Camaroptera brachyura, kijivu kwa chini kweli, lakini ana kijani mabawani, mdomo wake ni wa kawaida, anapenda kukaa chini, na analia kama mwana-mbuzi. Wa tatu ni chozi wa zeituni, anayeonekana kila mahali: mdomo mrefu, ila umepinda kwenda chini. Wa mshonaji umenyooka. Kuna pia ndugu yake, Artisornis metopias, mwenye kichwa chekundu cha kutu. Huyo ukimwona andika kwa furaha, lakini si yule.

Kwa hiyo mkiona ndege, kila mtu ajibu maswali manne kimyakimya kabla ya kusema neno. Mdomo umenyooka au umepinda? Kuna kijani au manjano popote? Jicho lina rangi gani? Alikuwa kimo gani juu ya ardhi? Kisha tulinganishe. Tunawaomba mfanye kimya kwanza kwa sababu mtu mmoja akishasema "mshonaji!" kwa nguvu, watano waliobaki wataona mdomo mrefu hata kama haupo. Aliyeona mgongo tu kwa nusu sekunde aandike "labda". Hakuna aibu katika "labda". Aibu ni rekodi ya uongo inayokaa kwenye takwimu miaka 30, na mtu mwingine akapoteza siku kumtafuta ndege ambaye hakuwahi kuwapo pale.

Akiimba, mwenye simu arekodi. Weka hali ya ndegeni ili isiingie simu, ielekeze kinywa chake kwenye sauti, shikilia bila kusugua vidole, dakika 2 zinatosha. Mwisho wa rekodi sema tarehe, saa, mahali. Usiitume kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, inabanwa na kuharibika. Itume kama faili.

Na kila kituo kina ukurasa wake kwenye daftari, hata tusipoona kitu. Tutaandika saa ya kuanza, dakika tulizosimama, umbali tuliotembea, alama za mahali kutoka kwenye simu, kimo, aina ya tata, na ndege wote waliotambuliwa, kuanzia hondohondo mpaka shore. Orodha kamili zitaingizwa eBird, daftari la mtandaoni la kumbukumbu za ndege. "Dakika 15, hakusikika" ni habari. Tata ambalo limepewa dakika 15 mara 6 kwa miezi tofauti, na hakuna kitu, linatuambia jambo ambalo furaha ya siku moja haiwezi kutuambia. Kama tutabahatika kuona kiota, kundi linarudi nyuma mara moja, hakuna picha, na mahali pake hapatajwi mtandaoni. Kiongozi ataripoti kwa ofisi ya hifadhi.

Mambo ya safari yenyewe, kwa haraka. Tunatumia Land Cruiser 2, si Costa na si Noah. Kutoka Tanga hadi Muheza ni lami, kama kilomita 40. Kutoka Muheza kwenda juu ni vumbi, kona za kuzunguka mlima, na mvua ikinyesha udongo ule mwekundu unakuwa sabuni. Hatuwezi kuondoka Tanga usiku tukafika kwa wakati, ndiyo maana tunalala Amani. Malipo ya hifadhi yanafanyika kwa namba ya malipo ya serikali. Kamilisheni mkiwa mjini au Muheza, maana huko bondeni mtandao unakuja na kuondoka. Kila mmoja abebe risiti yake, ya kuonekana kwenye simu bila intaneti.

Gari zinaondoka mbele ya Bustani ya Jamhuri Ijumaa saa 8:30 mchana, baada ya swala. Jumamosi mtaamshwa kabla ya alfajiri. Wenye kuswali wataswali, wengine watakunywa chai ya tangawizi, na saa 12:10 mtasimama uani bila tochi, mjizoeshe giza. Dawa zenu za pumu na sukari ziwe mfukoni mwenu, si kwenye gari. Sasa naomba taa za nyuma zizimwe, tusikilize hiyo sauti mara ya kwanza.